Mlio kwenye Gari la Shemeji

Jumatatu, 6 Oktoba

Gari la Shemeji linalia. Taarifa imetolewa na Mama Mkwe, aliyekaa kiti cha nyuma kutoka kliniki, na ameitoa mbele ya mashahidi: mke wangu, jirani wa mkono wa kulia, na mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Amesema kuna kitu kinacheza ndani ya mlango, cha-cha-cha, kila tukipita kwenye tuta. Akaongeza kwamba gari la mwanawe halikuwahi kulia mpaka lilipoingia mikononi mwangu.

Msoma mita akatikisa kichwa. Yeye inamhusu nini?

Hali ilivyo ni hii. Shemeji, kaka wa mke wangu, amesafiri kuagiza mali ya maduka yake ya vifaa vya ujenzi. Ameniachia vitu viwili, gari na mama yake, vyote kwa mkupuo mmoja. Gari lenyewe ni kubwa, safu tatu za viti, ukikaa kwenye usukani unaona mpaka nguo walizoanika watu nyuma ya kuta zao. Masharti yalikuwa mepesi: niliwashe kila asubuhi betri isife, nimpeleke Mama kliniki, nisiguse kitu kingine. Akirudi Jumapili atatangaza nani asimamie duka jipya.

Tuko wawili tunaolitaka. Mimi, na Mwanyumba, yaani yule aliyemuoa mdogo wa mke wangu. Mwanyumba anapiga pasi soksi. Sifa nyingine hana.

Mimi sina kazi tangu kiwanda cha magodoro kifungwe. Duka lile nalihitaji kuliko ninavyotaka mke wangu ajue, na mke wangu anajua.

Jioni nimelizunguka gari nikigonga milango kwa kifundo cha kidole, kama daktari. Mlango wa nyuma kushoto, alipokaa Mama Mkwe, umetoa sauti ya kutia shaka. Mingine pia.

Uamuzi: nitaufungua mwenyewe. Shemeji atarudi akute gari tulivu kuliko alivyoliacha. Mtu anayeweza kutuliza gari anashindwaje kusimamia duka?

Mke wangu amesema nilipeleke kwa fundi au niliache lilie. Nimemwambia fundi ni mtu wa kawaida aliyeanza kabla yangu, basi. Ameuliza pasi yake niliyoitengeneza mwaka jana iko wapi. Tulikuwa tunazungumzia gari.

Jumanne, 7 Oktoba

Kazi imeanza. Vifaa: bisibisi ya nyota, bisibisi bapa, kisu cha siagi kutoka jikoni, bakuli la kuwekea skrubu, na chaki ya mke wangu ya kuchorea vitambaa. Yeye ni fundi cherehani. Chaki anazo rangi zote.

Mlango wa gari kwa ndani umevaa kava. Kava inashikwa na skrubu chache, moja imejificha nyuma ya kitasa, nyingine chini ya pale unapoegemeza kiwiko. Zilizobaki si skrubu bali klipu, vijino vya plastiki vilivyobanwa kwenye matundu pande zote. Unapenyeza kisu kwa chini, unavuta kwa moyo mkunjufu, klipu inatoka: tak! Mlio mtamu. Unapenyeza tena: krak! Huo ni mlio wa klipu iliyovunjika. Nilizitofautisha vizuri nilipofika upande wa mwisho.

Ndani ya mlango: nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyotoka mikononi, nyaya, vyuma vya kupandishia kioo, na spika pana kama sahani ya wali. Hakuna kilicholegea. Nimeutikisa mlango kwa nguvu zote. Kimya. Mlango hauna hatia.

Mama Mkwe alikuwa barazani, mkoba mapajani, akitazama. Alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na bado ananitazama kama niliyechelewa gwaride. Aliniita nimletee maji ya kumezea dawa. Nilipompa glasi nilimweleza kwamba mlio hauko mlango huu, huenda umehamia upande wa pili. Akasema alijua tu.

Ili nisionekane mzembe, nimepekua gari zima. Chini ya viti, mifuko ya viti, kisanduku cha dashibodi. Nimepata peremende iliyoota manyoya na kitana. Mke wangu, akiwa kwenye cherehani, ameuliza kama nimekagua na vitu alivyobeba abiria. Abiria alikuwa mama yake peke yake! Nimfungulie Mama Mkwe mkoba? Mtu aliyenipa mke nimwambie, Mama, samahani, hebu tuone ulichobeba? Nimemwambia mke wangu kuna mipaka ambayo mkwe havuki hata gari likiungua. Akasema basi mambo ya gari ni yangu, yeye ana gauni la bibi harusi linalomsubiri.

Hapo tulielewana vizuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Milango yote imevuliwa. Mlio haumo.

Sasa ni zamu ya buti. Kava za ubavuni huko nyuma ni kubwa kama mbao za kichwani mwa kitanda. Hazitoki mpaka uondoe viti vya safu ya pili na ya tatu. Viti havitoki mpaka ufungue mikanda. Mikanda haifunguki mpaka uondoe kifuniko kinachoshikwa na kava ile ile uliyotaka kuitoa. Kila kitu kinamshikilia mwenzake, kama ukoo.

Fundi Besi amepita. Huyu hufunga redio za magari kwenye kibanda cha kona. Jina halisi hakuna anayelijua. Alisimama, akaweka mikono kiunoni, akasema kaka, humo nguzoni mna mifuko ya hewa ya ajali, ukigusa ovyo na betri haijachomolewa utakula kofi ambalo hata baba yako hakukupiga. Nikachomoa waya wa betri papo hapo. Ushauri wa maana.

Kila kava nimeiandika kwa chaki, KULIA au KUSHOTO, ili kurudisha kuwe kazi ya dakika chache. Hapo ndipo unapomjua mtu mwenye akili ya usimamizi.

Mchana akaja Mwanyumba. Shati limenyooka mpaka linakata. Alimletea Mama Mkwe ndizi, akasalimia kwa kuinama nusu, kisha akaja kusimama karibu na viti vya Shemeji vilivyokuwa kwenye majani. Kuku wa jirani alikuwa amekalia kimoja. Mwanyumba akaniuliza kwa upole kama nauza gari zima au kipande kipande.

Nimemwambia ni huduma kubwa. Gari likifika umri fulani linafanyiwa.

Akasema aaa. Akatoa simu akapiga picha. Nikamuuliza anapiga picha nini. Akasema maua. Nyumbani kwetu hakuna maua.

Nilifikiria kumnyang'anya ile simu, lakini ana mwili.

Jumla ya siku: buti tupu, viti nje, mlio hakuna. Mama Mkwe anasema hausikiki kwa sababu gari limesimama. Kila nikisogea yeye ana jibu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimerudisha waya wa betri ili niwashe redio nisikilize spika, maana nina nadharia mpya: kinacholia ni spika. Redio imewaka, ikaandika kwamba inataka namba ya siri.

Namba ya siri! Kumbe redio hizi zikikatiwa umeme zinadhani zimeibwa, jambo ambalo Fundi Besi hakulitaja. Anayeijua namba ni Shemeji, na Shemeji ndiye mtu wa mwisho ninayetaka ajue naihitaji.

Nimejaribu tarehe yake ya kuzaliwa. Hapana. Nikajaribu mwaka aliofungua duka la kwanza. Hapana. Nikawaza: mtu anayempenda mama yake kiasi hiki atakuwa ameweka mwaka wake. Nikaenda barazani nikamuuliza Mama Mkwe, kwa adabu zote, amezaliwa mwaka gani. Alivua miwani. Akauliza kama nimetumwa na watu wa bima ya mazishi au ni hamu yangu mwenyewe. Nikarudi garini nikakisia. Redio ikajifunga, ikasema nisubiri.

Nikiwa nasubiri, simu. Shemeji! Akauliza gari linaendeleaje. Nikamwambia limetulia, halitoi sauti kabisa. Sikusema uongo hata silabi moja. Akashukuru. Akasema amesikia nafanya huduma kubwa. Nikacheka. Naye akacheka, lakini alianza kuchelewa na akaacha mapema.

Maua, eti!

Kwa kuwa spika sasa haziwezi kupimwa garini, nimezitoa zote. Skrubu tatu tatu, plagi moja, spika inakuja mkononi kama chapati. Nimezipanga kwenye kochi sebuleni na kuzifunika kwa kanga. Mke wangu aliingia akadhani tumepata wageni wafupi.

Fundi Besi akapita tena. Huyu mtu ana pua. Akafunua kanga, akabonyeza spika moja kwa kidole gumba, akaguna. Akasema bosi, hizi zimechoka, lakini huwezi kujua zinalia wapi mpaka uzipe mzigo. Yeye ana mashine ya kuzipa mzigo. Atazichukua leo, kesho mapema atazirudisha na ripoti. Akazitia kwenye gunia.

Mtu wa kujitolea namna hii mtaani kwetu sikujua kama yupo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumeamshwa na muziki. Vifuniko vya sufuria vilikuwa vinacheza vyenyewe jikoni. Mama Mkwe alitoka chumbani akauliza kama kuna uchaguzi. Mke wangu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye gauni, akasema leo Besi ana spika mpya.

Nilikimbia na ndala moja.

Kibandani pamejaa watu. Spika za Shemeji zimepigiliwa kwenye ubao, zimeelekezwa barabarani, na Besi amesimama mbele yake akigawa kadi zake za biashara. Nimemvuta pembeni nikamuuliza hii nini. Akasema huu ndio mzigo. Nikamwambia kipimo gani kina wateja. Akasema kipimo kizuri lazima kiwe na mashahidi. Nikamwambia azishushe sasa hivi. Akasema daktari hamtoi mgonjwa chumba cha upasuaji tumbo likiwa wazi. Watu wakacheka, mmoja akaniita mgonjwa, na sasa naona nusu ya mtaa unaniita hivyo.

Nimezipata alipokwenda kumhudumia mwenye lori. Moja imechanika katikati. Besi alinifuata mbio na kichupa cha rangi ya kucha, akaiziba hapo hapo njiani, akanihakikishia kwamba sauti itabaki ile ile isipokuwa itakuwa ya mtu mzima zaidi.

Mchana, kuanza kurudisha. Nimeinua kava ya kwanza nikatafuta neno. Hakuna neno. Ya pili, hakuna. Nikaziona zote ukutani, safi, kama hazijawahi kuandikwa. Nimemuuliza mke wangu nani amezifuta. Akasema hakuna aliyezifuta. Chaki ya nguo imetengenezwa ifutike yenyewe ukiigusa, la sivyo wateja wangevaa michoro.

Angeweza kuniambia Jumatano. Nimemwambia hivyo. Akasema Jumatano alidhani naandikia vitambaa vyangu mwenyewe. Maana yake sijui.

Nimeendelea kwa kukisia. Kava ya kulia ukiilazimisha kushoto huingia, hadi mahali fulani. Krak, krak, krak. Klipu zilizobaki nzima ni chache, na nyingine zimeangukia ndani ya milango zikapotelea huko. Nimepata suluhisho kwenye kapu la mke wangu: velkro, ile tepe ya nguo inayonata na kulia kraa ukiitenganisha. Nimekata ile aliyoiweka kwa ajili ya makoti ya walinzi. Inashika! Ukiegemea polepole, inashika sana.

Skrubu zimebaki nusu bakuli. Naamini kiwandani huweka za ziada.

Jumamosi, 11 Oktoba

Shemeji amepiga simu kwa mke wangu, si kwangu. Anatua kesho saa sita mchana. Anataka tumpokee uwanja wa ndege kwa gari lake, na Mama awepo. Duka atalizungumzia hapo hapo njiani.

Njiani! Yaani ndani ya gari! Nimebandika velkro nyingine.

Leo Mama Mkwe alitaka kwenda kumwona mwalimu mwenzake wa zamani. Kwa kuwa viti vya nyuma vilikuwa bado nje (kuku ametaga, nimeliondoa yai), Mwanyumba amempeleka kwa kigari chake, kile anachokipangusa hadi tairi la akiba. Nimewaaga kwa uchungu. Safari moja namna hiyo, ndizi na matuta taratibu, na duka limekwenda.

Wakarudi. Mwanyumba alishuka uso umepauka. Hata kola ilikuwa imelala. Mama Mkwe alitoa taarifa akiwa bado hajafunga mlango: gari hili nalo linalia. Nyuma kushoto. Cha-cha-cha. Akamwambia Mwanyumba kwamba alimdhania ni mtu mwangalifu.

Nimeingia ndani nikacheza peke yangu chooni.

Uchambuzi wangu ni huu. Mlio ulikuwa kwenye gari la Shemeji. Nimefungua gari la Shemeji. Sasa mlio hauko kwenye gari la Shemeji, uko kwenye gari la Mwanyumba. Yaani kazi yangu imefaulu. Umefikaje kule si swali langu. Mimi nilitakiwa kuuondoa, nimeuondoa.

Nikatoka kumpa pole. Nikamshika bega, nikamwambia ndugu yangu, haya hutokea kwa kila mtu, usijilaumu. Nimemwazima kisu cha siagi. Nimemwelekeza aanzie chini na avute kwa moyo mkunjufu. Ameuliza kama ni lazima kuchomoa betri. Nimemwambia aanze nayo.

Kabla ya chakula cha jioni kava zake mbili zilikuwa zimelazwa juu ya shuka iliyopigwa pasi. Mke wake amempigia mke wangu simu kuuliza huu ugonjwa unaambukizwaje.

Viti nimevirudisha. Vinatingishika kidogo, lakini anayetingishika ni abiria.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika kwa mkono uliotulia. Mambo yalikuwa hivi.

Tumeondoka vizuri. Mke wangu mbele, Mama Mkwe nyuma kushoto na mkoba wake. Tuta la kwanza: cha-cha-cha.

Nikakohoa. Tuta la pili nikakohoa tena, kwa sauti zaidi. Tuta la tatu niliuliza kwa kelele kama kuna anayejua bei za saruji siku hizi. Mama Mkwe akasema gari linalia na dereva naye ana kifua.

Uwanja wa ndege. Shemeji amenenepa, ana furaha. Akamkumbatia mama yake, akanipa mkono, akasema ataendesha mwenyewe maana amelikumbuka gari lake. Akapanda. Akashika pale pa kuvutia mlango, akavuta kama mwenye mali.

Kraa.

Mlango ulibaki wazi. Kava ilikuja. Akaipokea mapajani kama sinia, nyaya za vioo zikining'inia hadi magotini. Aliigeuza akaitazama kwa nyuma, akaona velkro, akaigusa kwa kidole. Mke wangu naye aliiona. Akasema, kumbe makoti ya walinzi ndiyo haya.

Shemeji akanipa kava niishike, nikakaa nayo nyuma, pembeni ya Mama Mkwe. Akawasha redio. Ikadai namba ya siri. Akanitazama kwenye kioo. Akaiweka namba (ni mwaka aliozaliwa Mama Mkwe, kumbe nilikuwa sahihi kabisa!) na redio ikaimba. Ile spika ya Besi iliimba kama mtu anayepulizia mfuko wa karatasi. Shemeji akazima. Akaondoa gari.

Kisha tuta. Cha-cha-cha.

Shemeji akasimamisha gari pembeni ya barabara. Akauliza hicho ni nini. Mama Mkwe akasema ndicho hicho mwanangu, tangu Jumatatu, na huyu ameshindwa. Shemeji akalitikisa gari kwa kujirusha kwenye kiti. Cha-cha. Sote tukasikiliza. Mke wangu akageuka polepole, akanyoosha mkono nyuma, akasema:

"Mama, hebu mkoba."

Kitambaa cha mkono, miwani, ndizi, na chupa ya vidonge vya presha, ile aliyopewa kliniki Jumatatu. Mke wangu akaitikisa. Cha-cha-cha.

Hakuna aliyenitazama. Waliwekeza nguvu nyingi katika kutonitazama.

Mama Mkwe hakutetereka. Amesema hizo ni dawa zake, na kila mtu anajua anameza dawa, tena maji ya kumezea alikuwa akiletewa na mimi kwa mkono wangu. Akaongeza kwamba hakuna aliyemuuliza. Nikamwambia Mama, nisingeweza kukufungulia mkoba, ni heshima. Akasema mtu aliyeweza kumuuliza umri wake angeweza na mkoba.

Hapo simu ya mke wangu ikalia, akaiweka sauti ya wazi. Ilikuwa Mwanyumba. Anahema. Amesema milango yote ameimaliza, mlio hauonekani, na anaomba kumuuliza mwenzake kama sasa aingie kwenye buti.

Shemeji aliweka paji la uso juu ya usukani. Honi ikapiga. Honi inafanya kazi vizuri; hiyo sikuigusa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Shemeji ametangaza. Duka jipya litasimamiwa na Mama Mkwe.

Sababu alizitoa akiwa amesimama, sisi wawili tumekaa kwenye kochi lile la spika. Amesema amegundua mashemeji zake wakiachwa peke yao wanafungua vitu. Kwa hiyo amewawekea mwalimu mkuu. Mwanyumba atapakia mabati, mimi saruji. Kuripoti ni Jumatatu ijayo, saa moja kamili asubuhi, na Mama atasimama mlangoni kuona nani kachelewa. Mama Mkwe akaitikia kwa kichwa. Mkoba ukasema cha.

Gari limepelekwa kwa fundi wa mjini, mwenye gereji ya sakafu ya saruji na ovaroli safi. Ananijibu kwa mkato. Klipu ameagiza upya, zote. Litatoka Alhamisi.

Nimekuwa na muda wa kutafakari, na nataka ieleweke kwamba chupa ya vidonge imeeleza mlio mmoja tu. Mmoja! Chupa inasema cha-cha-cha. Sibishi. Lakini jana, tulipokuwa tunarudi, baada ya mkoba kukaguliwa na chupa kushikwa mkononi na mke wangu, tulipita tuta la mwisho nikasikia waziwazi, mlango wa nyuma kushoto: tok. Wiki iliyopita tok haikuwepo. Nani ameieleza tok? Hakuna. Wote walishanyamaza wakidhani wamenikamata.

Nimempigia Mwanyumba. Amesema tangu jana na lake linasema tok. Tena upande ule ule! Miaka yote hii hatujawahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa. Ni mtu mwelewa sana ukimzoea. Soksi nimemsamehe.

Mtu akimwonyesha Shemeji tok, mbele ya mashahidi, mambo ya duka lazima yafikiriwe upya. Mama Mkwe amestaafu, anahitaji kupumzika.

Nimejitolea kwenda kulichukua gari gereji. Shemeji amekataa kabla sijamaliza sentensi. Amesema atamtuma dereva wa lori la mabati. Sawa. Lakini mwenye gereji hajaambiwa kwamba mimi nimekatazwa, na dereva wa lori huwa hawahi popote.

Alhamisi, tarehe 16, saa kumi jioni. Mwanyumba atashika tochi. Kisu cha siagi amekirudisha, kimepindika, nimekinyoosha.